Lambert Cirhuza, Sauti ya Mama Mashine

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama Marcelline mjane wetu, majirani wa Doornfontein, ndugu zetu Waislamu mlioacha biashara ya Jumamosi mkaja kukaa nasi, na nyote mliofika katika ukumbi huu wa Observatory leo tarehe 27 Julai 2019, familia inawaomba mkae vizuri, aliye mlangoni asogee ndani, aliyeshika simu aizime, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo, na kwetu mtu hanyanyuki wakati maisha ya marehemu yanasomwa, awe na haraka, awe na baridi, awe na sababu zake.

Marehemu Lambert Cirhuza Birindwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Birindwa, fundi cherehani, na marehemu mama Nabintu, muuza unga. Jina la Lambert alipewa na padri, jina la Cirhuza alipewa na babu yake mzaa baba, na tunaomba mlishike hilo la pili, kwa sababu hapa Johannesburg karibu hakuna aliyelijua, wengi wenu mlimwita Maître Lambert, wengine Papa Murielle, na yupo mmoja aliyekaa naye meza moja kwa miaka mitatu bila kumwuliza hata siku moja kwao aliitwa nani.

Alisoma shule ya msingi Kadutu kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, sekondari hapo hapo Bukavu hadi 1992, kisha chuo kikuu, ambako tarehe 24 Julai 1998 alipata licence, yaani shahada, ya Kifaransa kwa alama ambazo mama yake alizitangaza sokoni kwa wiki nzima. Kuhusu hiyo licence familia haina mengi ya kusema, kwa sababu wenye karatasi za namna hiyo mko wengi humu ndani na mnajua zinavyokaa ndani ya plastiki zikisubiri kuitwa. Ya marehemu ilivuka mipaka minne kifuani mwake, ikafika Johannesburg bila kunjo hata moja, na katika nchi hii ilimfaa mara moja tu, siku alipokosa kadibodi ngumu karakana, akaigeuza, akachora nyuma yake patroni ya kukatia kola, akaibandika juu ya katoni na kukata, na kola nyingi mlizozivaa hapa leo, waheshimiwa, zimefuata mstari wa licence ya chuo kikuu.

Alifundisha Kifaransa Bukavu kuanzia 1999 hadi 2005, akafika Johannesburg tarehe 3 Mei 2006, akawa mlinzi wa maegesho huko Randburg kwa mwaka mmoja na miezi sita, akiwafungulia geti watu waliomwita “my friend” bila kumtazama, na mwezi wa kumi na moja mwaka 2007 akarudi kwenye kazi ya baba yake, akapata nafasi ghorofa ya pili katika karakana ya mafundi wanne, Doornfontein, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, ambayo kila baada ya mishono kumi na moja ilikuwa inapiga tak, kwa sababu ya kipuri kilicholika na kisichopatikana tena duniani. Mafundi wenzake walimwambia aitupe, akasema, “Muniachie, iyi inahesabu pamoja na mimi.”

Alifunga ndoa takatifu na Marcelline tarehe 15 Desemba 2007, baada ya uchumba mfupi ulioanzia saluni moja ya Yeoville, Marcelline alikokuwa anasuka, marehemu akaenda kupima mapazia akatoka amesahau vipimo, na tarehe 2 Novemba 2008 Mungu akawajalia binti, Murielle, ambaye ndiye mtoto wao wa pekee. Murielle alizaliwa hapa, akakulia hapa, Kiswahili anakisikia chote ila hakijibu, ukimwita kwa Kiswahili anaitika “yebo”, ukimgombeza kwa Mashi, lugha ya kwao, anacheka, na marehemu lilimwuma jambo hilo kuliko watu walivyodhani, maana alisema mtoto asiyeweza kutaja majina ya wazee wake ni mtoto ambaye mtu yeyote anaweza kumwita anavyotaka.

Sasa tunafika kwenye kazi ambayo hakuisomea wala hakuombwa. Mwezi wa Mei 2015, ndugu yetu Pandu, Mzanzibari anayeuza diski za filamu karibu na robot, taa za barabarani, ya pale chini, alipanda karakana na boksi la tamthilia ya Kijapani ya mizimu, vipindi ishirini na sita, akalitua juu ya meza ya kupigia pasi, akasema, “Maître, chukua bwana wee, hizi zimenishinda, Wajapani hawa wanalia kutwa, chini wameweka Kiingereza, na wateja wangu hawanunui filamu ya kwenda kuisoma.” Marehemu aliweka diski ya kwanza wakati wa chakula, na mafundi wote wanne wakasahau kula.

Kwa wale ambao hawakuiona, tamthilia ile inamhusu mama mmoja mshonaji wa zamani, aliyeshona kimono nzuri kuliko zote mjini kwake, mwenye duka akawa anabandika alama ya duka lake juu ya kila kazi yake na kujitangaza kuwa fundi, hadi mama yule akafa wakati wa theluji, ameinamia nguo, hakuna aliyejua jina lake hata wa kumwandikia kaburi. Mzimu wake ukahamia juu ya dari la jengo la ghorofa nane, na katika kila kipindi mkaaji mmoja aliyemdhulumu mtu anasikia juu ya kichwa chake mtu anashona, asubuhi anavaa shati, anahisi kitu kinamkwaruza shingoni, anageuza kola, anakuta jina lake limeshonwa kwa uzi mwekundu. Mzimu ule haumwagi damu. Jina likishashonwa linatoka midomoni mwa watu, mkewe analitafuta halipati, bosi wake anamwuliza yeye ni nani, mama yake mzazi anafungua mlango na kusema hana mtoto. Marehemu alipomaliza kipindi cha kwanza alifuta macho kwa kipande cha bitana, akasema, “Huyu mama ni fundi mwenzetu, quand même, hatuwezi kumuacha aseme peke yake,” na akambatiza Mama Mashine.

Kuanzia Jumapili tarehe 7 Juni 2015, kila baada ya ibada, mashine za jengo zikiwa zimezimwa, marehemu na mkewe walikaa mbele ya televisheni ya karakana, Marcelline, ambaye Kiingereza chake alikiokota kwenye vichwa vya wateja, akinong'ona maandishi ya chini, na Lambert akiyageuza papo hapo kuwa Kiswahili, akawa mzimu, akawa bosi, akawa bibi kizee wa ghorofa ya tatu, akakanyaga cherehani yake nyeusi kila mzimu uliposhona, na kila kipindi akakifungua kwa maneno yale yale, “Ni mimi Maître Lambert, mtoto wa Kadutu, nawasemesha kutoka Doornfontein, mwenye masikio asogeze kiti.” Walifika vipindi ishirini na vinne kwa miaka mitatu, vikatembea kwenye flash na kwenye simu, vikasikika kwa mafundi, kwa walinzi, kwa madereva wa malori hadi mpakani, na hakuna aliyewahi kuvilipia hata senti, kwa kuwa marehemu alisema Mama Mashine amenyonywa vya kutosha.

Aliyerekodi na kusafisha sauti alikuwa ndugu wa kikundi cha maombi, mwenye kompyuta, aliyekulia Kinshasa, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni, naye ni Gradi. Tunamshukuru kwa kuja. Amekaa mstari wa mbele, kulia, suti ya kijivu.

Lilikuwepo tatizo moja. Katika kila kipindi, kabla ya kushona jina, Mama Mashine anaimba maneno marefu ya kizamani, na yule aliyeandika Kiingereza cha chini hakujisumbua, aliweka nukta tatu tu. Marehemu akasema mzimu hawezi kunyamazishwa mu saa yake, kwa hiyo mahali pa nukta tatu akaweka ukoo wake kwa Mashi, Cirhuza wa Birindwa, Birindwa wa Mushengezi, akashuka hadi babu wa saba, akataja mlima wao, kijito chao, na jiwe lililo juu ya kaburi la nyanya yake, akauimba kwa sauti ile iliyowafanya watu wazima waende msalani wawili wawili. Gradi, visikizi masikioni, alitikisa kichwa kwa heshima, akawaambia mafundi, “Kijapani ya huyu mzee, huyu vieux, ni ya kweli kabisa, mon cher, alijifunzia wapi?” Mafundi wa Bukavu walicheka hadi mmoja akajichoma sindano, na hakuna aliyemwambia, ikawa utani wa karakana, ikabaki utani kwa miaka mitatu. Murielle naye, ambaye hakuwahi kukubali kufundishwa, akawa anaukariri wimbo wa mzimu kwenye ngazi ili kuwatisha watoto wa Kizulu, “Cirhuza wa Birindwa, Birindwa wa Mushengezi,” wao wakikimbia na kupiga “hayibo!”, na baba yake, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alimwambia Marcelline kwamba sasa hata akifa, mtoto anajua alikotoka.

Mwezi wa Agosti 2018 Gradi alipata ofisi Randburg, akaaga kwa maombi na machozi, akaondoka na kompyuta yake na kila kilichokuwa ndani yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo marehemu akaanza kuvimba miguu, tarehe 19 akapimwa, akaambiwa figo zote mbili zimechoka, na kazi ya Jumapili ikasimama kwenye kipindi cha ishirini na nne.

Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, saa kumi jioni, Marcelline alikuwa Yeoville anamsuka mteja, televisheni ya saluni iko wazi, tamthilia mpya ya Kiswahili inaanza kwenye chaneli ya kulipia, naye hakuwa anatazama, alikuwa anahesabu mistari, mara akasikia cherehani inashona, mishono kumi na moja, tak, mishono kumi na moja, tak. Mikono ikasimama hewani. Akasema, “Iyi ni mashine yetu,” na kabla mteja hajauliza mashine gani, ikaja sauti, akapiga ukelele, “Iyi sauti ni ya bwana yangu! Minaijua hata mu usingizi!”, mteja akaruka na nusu ya kichwa haijasukwa, wote wakatazama kioo cha televisheni, na mwishoni yakapita maandishi, tafsiri na sauti, Gradi. Salamu ya Maître Lambert, mtoto wa Kadutu, zile sekunde arobaini za mwanzo, ilikuwa imekatwa safi, inavyokatwa lebo ya fundi ili nguo ipate mwenyewe mwingine.

Wenye chaneli walinunua tamthilia kwa haki, walidanganywa kuhusu sauti, familia haina neno nao. Gradi ndiye aliyewaambia kwamba sauti yake hubadilika mbele ya mikrofoni, kwamba ni kipaji, na mwezi wa Machi, alipohojiwa redioni, akaulizwa wimbo wa mzimu aliutoa wapi, alijibu kwa mdomo wake, na mahojiano hayo tunayo, kwamba ni Kijapani cha kale, alikifanyia mazoezi kwa miezi sita kwa mwalimu wa Kijapani. Babu saba wa Cirhuza, ukoo mzima, wakageuzwa Wajapani wa Gradi.

Marcelline alitaka kwenda Randburg na chuma cha moto cha kunyooshea nywele, akavaa na viatu kabisa. Marehemu, aliyekuwa amelala chali akitazama dari, alimshika upindo wa gauni, akasema, “Muache kwanza. Atakuja. Vipindi viko ishirini na sita, yeye iko na ishirini na vinne.” Na ni kweli, Jumamosi tarehe 6 Aprili 2019 Gradi alipanda ngazi za Doornfontein na mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mgonjwa mkono, akasema, “Vieux Lambert, ndeko na ngai, ndugu yangu, tumalizie ile kazi yetu, watu wanaipenda, bado viwili tu,” hajui kwamba nyumba nzima inajua. Marcelline alikwenda jikoni akafungua bomba ili asisikike. Marehemu akasema, “Sharp, sawa. Leta mikrofoni.” Gradi, kwa furaha, akaongeza kwamba tarehe 3 Agosti kutakuwa na sherehe kubwa Randburg, kipindi cha mwisho kitarushwa siku hiyo hiyo mbele ya wageni kwenye kioo kikubwa, naye atapandishwa jukwaani, ila hana suti ya maana. Hakuona haya. Marehemu akasema, “Simama nikupime.”

Alikirekodi kipindi cha ishirini na tano tarehe 13 Aprili na cha ishirini na sita tarehe 20 Aprili, mito mitatu mgongoni, Marcelline akinong'ona Kiingereza huku machozi yanamtiririka, mafundi wawili wamebeba cherehani nyeusi kutoka karakana wakaiweka kando ya kitanda, na tunaambiwa na waliokuwepo kwamba sauti yake siku hiyo haikuwa ya mgonjwa. Gradi alikaa sebuleni kwenye simu. Akachukua faili, akakata sekunde arobaini za mwanzo kama kawaida yake, akapeleka, hakusikiliza zaidi, kwa nini asikilize, Kijapani cha kale anakijua.

Familia imesikiliza nakala iliyobaki kwenye simu ya Marcelline. Katika kipindi cha ishirini na sita, mahali pa nukta tatu, wimbo ni mwingine. Mama Mashine anamtaja Gradi kwa jina lake kamili, la ubatizo na la baba yake, anasema alikotoka, anasema alichokibeba kwenye kompyuta na siku aliyokibeba, anasema nani alikuwa mwenye sauti, mara ya kwanza kwa Mashi, mara ya pili kwa Kiswahili cha polepole ambacho hata mlinzi wa geti huko Randburg atakielewa. Kisha anakanyaga mashine, mishono kumi na moja, tak.

Suti ilimchukua marehemu mwezi mzima wa Mei, alishona nusu saa, akapumzika saa tatu, alikataa kusaidiwa hata kutunga uzi, kola akaikata kwa patroni ya licence yake, na alipofika kwenye kola hiyo alimwomba Marcelline atoke chumbani na afunge mlango. Gradi aliifuata tarehe 1 Juni, akaijaribu mbele ya kioo, ikamkaa mwilini kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa, akasema, “Eish, vieux, wewe ni fundi.” Marehemu akajibu, “Nashukuru kwa kusema.” Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Mwezi wa Juni alilazwa, akarudi, akalazwa tena tarehe 9 Julai, akapokea sakramenti tarehe 18, na Jumapili tarehe 21 Julai 2019, saa tatu asubuhi, Marcelline akiwa upande mmoja na Murielle upande mwingine, aliomba binti yake amwimbie wimbo wa mzimu, Murielle akauimba wote hadi babu wa saba bila kukosea, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza, “Baba, nimemaliza,” na marehemu akafumba macho akiwa na miaka arobaini na mitano. Ameacha mjane, mtoto mmoja, cherehani moja, na sauti ambayo jioni hii saa kumi, tukitoka makaburini, itasikika tena kwenye kila televisheni yenye chaneli ile, katika kipindi cha ishirini na tano, na jina la mtu mwingine chini yake.

Familia ilipokutana Jumatatu kulikuwa na waliotaka kwenda mahakamani na waliotaka kwenda kwa ngumi, ikaamuliwa tusiende popote. Badala yake tulimpigia Gradi simu, tukamwomba aje kumzika kaka yake, akae mbele, avae suti ile, iwe heshima kwa kazi ya mwisho ya fundi, naye akakubali, akasema ni jambo la kugusa moyo. Ndugu Gradi, una siku saba. Unaweza kwenda Randburg Jumatatu asubuhi ukawaambia wakubwa wako wakate wimbo wa kipindi cha mwisho, watakuuliza kwa nini, na utalazimika kuwaeleza kwamba kile si Kijapani, ni Mashi, ni lugha usiyoijua, imetoka kwenye kinywa kisicho chako. Au unaweza kunyamaza, ukapanda jukwaani tarehe 3 Agosti, ukasimama chini ya kioo kikubwa, ukausikiliza pamoja na wageni. Hatukuchagulii. Uliishi na Mama Mashine miaka mitatu masikioni, unajua anavyofanya kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa wale wa zamu ya mchana waliomruhusu aingie na sindano na uzi wodini, inawashukuru majirani wa jengo waliopika na kufua, mafundi wa Doornfontein waliochonga jeneza kwa mbao za meza yake ya kukatia, wanawake wa saluni ya Yeoville, kanisa, na ndugu Pandu, aliyesema jana mbele ya wote, “Lile boksi nilimpa mimi, nitalitolea ushahidi hata kwa Wajapani wenyewe.” Mtakaopata nafasi, Jumamosi ijayo saa kumi jioni fungueni televisheni, majumbani, saluni, kwenye vibanda vya spaza, popote, mkae kimya wimbo ukianza.

Kilichomo ndani ya kola ya suti ya kijivu familia haikijui, marehemu hakusema, mjane alikuwa nje ya mlango. Tumeona tu kwamba tangu tuanze kusoma, ndugu Gradi amejikuna shingo mara nne.

Cirhuza wa Birindwa, jina lako limerudi kwa watu wako, mtoto wako analo mdomoni. Wewe pumzika kwa amani. Amani hiyo tumekuombea wewe peke yako.